Hamlin ni beki, si "maiti aliyefufuka"

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua nitoe dukuduku lililonikaa rohoni tangu wiki iliyopita. Shemeji yangu aliye Kasulu hununua gazeti lenu, na akiona habari yoyote ya Marekani hupiga picha ukurasa mzima akanitumia kwa WhatsApp, maana kwake Marekani yote ni mtaa mmoja na mimi ndiye mjumbe wake wa nyumba kumi. Safari hii alinitumia safu ya michezo ambayo kichwa chake cha habari kilimwita Damar Hamlin, mchezaji wa futiboli ya Kimarekani ambaye moyo wake ulisimama uwanjani Januari 2023, "maiti aliyefufuka". Nimeisoma mara tatu. Mwandishi wenu ana kalamu nzuri, hilo simnyimi. Ila katika aya zote alizoandika sikuona hata moja inayosema kijana huyu anafanya kazi gani uwanjani.

Mimi natokea Fizi, Kivu Kusini. Nilikaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu miaka 17, na tangu Oktoba 2014 naishi Buffalo, jimbo la New York, upande wa magharibi wa mji, karibu na Grant Street, ambako mtu anaweza kununua unga, kunyoa na kugombana na jirani, vyote kwa Kiswahili. Hamlin ni mchezaji wa hapa kwetu, wa timu ya Buffalo Bills. Kambini nilicheza beki namba nne mpaka goti likakataa, kwa hiyo mambo ya mabeki yananiuma.

Nafasi ya Hamlin inaitwa sefti. Msomaji wenu wa Simba na Yanga angeelewa haraka kama mngemwambia kwamba huyo ni beki wa mwisho, ambaye nyuma yake hakuna mtu, na katika futiboli ya Kimarekani hakuna hata kipa. Husimama yadi kumi na kitu nyuma ya wenzake, akimkazia macho kwotabeki, yaani mpiga pasi wa timu pinzani, amsome mabega na shingo, aamue kabla mpira haujatoka mkononi: inakuja pasi ndefu au mtu anapita nao katikati? Wakikosea wa mbele, yupo wa kuwafunika. Akikosea sefti, wapinzani wanaandikiwa pointi 6. Na siku akicheza vizuri kabisa huenda usimwone kwenye televisheni, kwa sababu mpiga pasi ameona njia imezibwa akapeleka mpira kwingine. Kijana wangu wa pili anacheza nafasi hiyo katika timu ya sekondari yake, naye ndiye aliyenifundisha kuutazama mchezo kuanzia nyuma. Zamani nilikuwa nafuata mpira tu, kama kuku afuatavyo mahindi.

Sasa mwandishi wenu anasema kabla ya usiku ule Hamlin alikuwa "mchezaji asiyejulikana". Hapo ndipo nilipoiweka simu chini nikaenda kunywa maji.

Bills walimchukua mwaka 2021 kwenye drafti. Si drafti ya vizibo vya soda tunayocheza barazani; ni siku tatu ambazo timu 32 hupokezana kuchagua vijana kutoka vyuo vikuu. Mwaka ule walichaguliwa 259, na Hamlin alikuwa wa 212, raundi ya sita. Kijana wa raundi ya kwanza huitwa jukwaani akakumbatiana na kamishna wa ligi. Wa raundi ya sita hungoja simu nyumbani, na hata ikilia hajawa na uhakika wa kitu, kwa sababu timu hubaki na wachezaji 53 tu, na wanaofyekwa kwanza ni hao wa mkiani. Alikuwa na miaka 23, amemaliza misimu yake yote katika Chuo Kikuu cha Pittsburgh, karibu na kwao McKees Rocks.

Tena alifikia nyumba iliyojaa. Nafasi mbili za sefti pale Buffalo zilikuwa za Micah Hyde na Jordan Poyer, waliokuwa pamoja tangu 2017, wakielewana kama mume na mke waliozeeka pamoja: mmoja akisogeza mguu, mwingine keshajua. Hamlin angempokonya nani namba? Msimu wa 2021 alionekana katika mechi 14, na hesabu yake ya kukaba, yaani kuwaangusha wenye mpira, ikawa 2. Wengi watasema alisugua benchi, na kweli alilisugua, lakini aliingia kwenye vikosi vya mateke, vile vinavyotumwa mpira unapopigwa kwa mguu. Kazi yake ni kukimbia yadi 40 moja kwa moja, ujibamize kwa mtu anayekuja mbio vilevile, kisha urudi ukakae. Hakuna anayekusifu. Jezi yake wakati huo ilikuwa namba 31. Mwaka uliofuata akachukua namba 3.

Septemba 2022, katika mechi na Tennessee Titans, Hyde aliumia shingo, akakaa nje kwa miezi. Namba ikawa ya Hamlin. Hadi mwisho wa Desemba alikuwa akianza kila wiki, na hesabu ya kukaba ilipofungwa msimu ule alikuwa na 91. Kutoka 2 hadi 91, Mhariri! Kwa kinyozi wetu Mkongo pale Grant Street, ambako televisheni haizimwi siku ya Jumapili, alijulikana vizuri sana. Alijulikana hata kwa mabaya: Desemba 1, dhidi ya New England Patriots, alimgonga Jakobi Meyers kichwani, waamuzi wakamtoa nje, na kinyozi akamtukana matusi ya Bukavu ambayo gazeti lenu haliwezi kuyachapa. Mtu asiyejulikana hatukanwi hivyo.

Usiku wenyewe mmeuandika, sitaurudia wote. Ilikuwa Jumatatu, Januari 2, 2023, kule Cincinnati, robo ya kwanza, Bengals 7 na Bills 3. Nilikuwa kwenye kochi na kijana wangu. Hamlin alimkaba Tee Higgins wa Bengals, kitu cha kawaida, cha kila wiki. Wakaanguka wote, akasimama, akapiga hatua mbili, akaanguka chali. Kijana akaniuliza, "Baba, kwani kaumia wapi?" Sikuwa na jibu. Mama yake akaja, akaangalia wachezaji waliopiga magoti kwa duara, akazima televisheni bila kutuomba ruhusa.

Hapo kuna kosa ambalo lazima mlisahihishe. Mliandika kuwa "moyo wake ulikuwa mbovu". Sivyo. Aprili mwaka ule Hamlin mwenyewe aliwaeleza waandishi jinsi madaktari walivyolitaja tatizo lake: ni pigo la kifua linaloukuta moyo katika kipande kidogo mno cha sekunde, kati ya dundo na dundo, mdundo wote ukavurugika. Huwapata hata watoto wazima wa afya wanaopigwa kifuani na mpira wa besiboli. Angepigwa mapema kidogo au baadaye kidogo, angenyanyuka na kurudi kwenye nafasi yake. Msaidizi wa tiba wa timu, Denny Kellington, ndiye aliyemkandamiza kifua palepale kwenye nyasi, mashine ya kushtua moyo ikatumika, akapelekwa hospitali. Habari za mfuko wake wa vitu vya kuchezea watoto, ulioomba dola 2,500 ukapata zaidi ya dola milioni 8, mmezieleza sawasawa, na za ile karatasi aliyoandika hospitalini kuuliza kama wameshinda.

Kisha makala ikaishia hospitalini! Kana kwamba mtu akitoka hospitali hana tena kazi ya kwenda.

Mimi hadithi ninayoitaka inaanzia hapo. Madaktari walimruhusu acheze, na Agosti 12, 2023, kwenye mechi ya kirafiki na Indianapolis Colts, alirudi uwanjani, akamwangusha mtu ambaye alihitaji yadi 1 tu ili timu yake ibaki na mpira. Uwanja ukalipuka. Dunia ilitaka apewe namba siku hiyohiyo, awekwe kwenye mabango. Hakupewa. Hyde alikuwa amepona, Poyer yupo, na sefti mwingine, Taylor Rapp, amesajiliwa. Kocha wakati huo alikuwa Sean McDermott, ambaye alicheza sefti enzi zake za chuo, anaijua nafasi ile kama mimi nilivyoijua njia ya kwenda bombani Nyarugusu, na hakumpanga mtu kwa huruma. Oktoba 1, dhidi ya Miami Dolphins, Hamlin akaingia kwenye vikosi vyake vya zamani vya mateke. Msimu mzima wa kawaida alicheza mechi 5. Siku nyingine hakuvaa hata jezi. Alisimama pembeni na koti.

Fikirini hali hiyo. Watu wanalia wakikuona barabarani, viongozi wanataka kupiga picha nawe, na kazini kwako umerudishwa ulikoanzia, nyuma ya walewale wawili. Sijasikia kwamba alinuna.

Januari 2024 theluji ilifunika uwanja wa Bills kule Orchard Park, mechi ya mtoano na Pittsburgh Steelers ikasogezwa kutoka Jumapili hadi Jumatatu, na timu ikatangaza dola 20 kwa saa kwa yeyote mwenye mikono ya kushika koleo. Nilikwenda. Nilizoa theluji kwenye viti mpaka vidole vikawa kama si vyangu, na nitakiri kwamba kila nikiinua kichwa nilikuwa naangalia kama Hamlin atapita. Hakupita. Wiki iliyofuata wakaja Kansas City Chiefs, Januari 21. Robo ya mwisho, Bills wanahitaji yadi 5 ili wabaki na mpira, kila mtu anajua mpira utapigwa teke kwenda mbali. Ilikuwa hila: mpira ukarushwa moja kwa moja kwa Hamlin, akimbie nao. Akapata yadi 2 tu, mpira ukawa wa Chiefs. Bahati nzuri Chiefs wakaupoteza mpira muda mfupi baadaye wakiwa karibu kabisa na kufunga, lakini mwishowe tulifungwa 27 kwa 24. Kinyozi akasimama na mashine ya kunyolea mkononi akamlaani Hamlin, akawalaani makocha, mteja kichwa nusu. Nami nikafurahi kimoyomoyo. Mwaka mzima hakuna aliyethubutu kumlaumu kijana yule kwa lolote. Sasa alikuwa analaumiwa kama mchezaji mwingine yeyote. Februari tuzo ya mchezaji aliyerejea vizuri zaidi ikaenda kwa kwotabeki Joe Flacco, watu wakakasirika. Mimi sikukasirika. Flacco alikuwa amecheza.

Mwaka 2024 mlango ukafunguka. Poyer akaenda Miami, Hyde hakuongezewa mkataba. Bills wakamleta sefti Mike Edwards, wakamchagua na sefti Cole Bishop katika raundi ya pili ya drafti, ishara kwamba namba hiyo haikuwekwa kwa ajili ya Hamlin. Wote wawili wakaumia mazoezini. Hamlin alikuwepo, kila siku, na Septemba 8 dhidi ya Arizona Cardinals akaanza mechi. Wiki mbili baadaye, Septemba 23, Jumatatu usiku tena, Orchard Park, Trevor Lawrence wa Jacksonville Jaguars akarusha pasi katikati, na Hamlin akainasa. Ilikuwa pasi yake ya kwanza kunasa tangu aingie ligi. Wenzake walimkimbilia wote hadi pembeni. Mama watoto alikuwa jikoni anasonga ugali, akauliza kelele ni za nini, kijana akamwambia, "Yule wa televisheni uliyoizima!" Akaja na mwiko mkononi akatazama marudio mara mbili. Mechi iliisha 47 kwa 10. Msimu ule alianza mechi 14, akanasa pasi 2, na Machi 2025 Bills wakampa mkataba mwingine wa mwaka mmoja. Ndivyo wanavyolipwa mabeki wa aina yake: mwaka mmoja mmoja, na kila Agosti anaanza kuigombea namba upya.

Kuhusu kijana wangu, maana najua shemeji atawaonyesha wengine barua hii: ndiyo, alirudi kucheza baada ya usiku ule wa Cincinnati. Mama yake alikataa kwa miezi, kisha akaenda shuleni mwenyewe, akamwambia kocha amwoneshe mashine ya kushtua moyo, asielezwe kwa mdomo. Ikaoneshwa, imetundikwa karibu na mlango wa ukumbi wa mazoezi. Akahesabu hatua kutoka hapo hadi uwanjani, ndipo akatia saini fomu. Kijana hajapata namba bado. Anasugua benchi, anaingia kwenye mateke.

Christian Eriksen wa Denmark alipoanguka uwanjani Copenhagen Juni 2021, moyo umesimama, tulimwombea sote pamoja. Alipokwenda Manchester United mlirudi kuandika pasi zake, nzuri na mbovu, mkamwita kiungo. Namwombea Hamlin haki hiyohiyo.

Na picha mliyoweka juu ya makala, ya mtu aliyeinua mkono kutupa mpira akiwa na jezi namba 17, ni ya Josh Allen, kwotabeki wetu. Hamlin anavaa namba 3. Kijana ndiye aliyeliona kwanza, akacheka mpaka akamwaga chai kwenye simu yangu.

Msomaji wenu,
Buffalo, New York