Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2024: Chama cha Wauza Vyuma Chakavu na Suala la Vipima Mionzi

Ndugu wanachama wenzangu,

Tumshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha siku ya leo. Mwaka huu tumewazika wenzetu watatu, na kabla sijaendelea naomba tusimame dakika moja kuwakumbuka.

Ahsanteni. Shughuli za kawaida sitazirefusha, kwani mnazijua. Kamati ilikaa vikao 9, mizani ilihakikiwa mara mbili, wanachama 41 walisaidiwa kuhuisha leseni, na migogoro 6 ya bei na ya wizi wa nyaya ilimalizwa ndani ya chama bila kufika polisi. Upande wa fedha, tulianza mwaka na akiba ya shilingi 9,250,000. Ada ziliingiza 7,410,000 na viingilio 600,000. Tulitumia 2,400,000 kwa pango la ofisi, 3,100,000 kwa misiba na wagonjwa, 1,150,000 kwa mlinzi na shajala, 3,360,000 kwa vipima mionzi na mafunzo yake, na 900,000 kama kifuta jasho kwa mwanachama mmoja, jambo nitakalolieleza. Tumefunga mwaka na shilingi 6,350,000. Mtunza Hazina anazo stakabadhi zote, na mwenye shaka azione leo hii.

Hapo kwenye ada sitapita kimya. Tuko wanachama 164, na kila mmoja anatakiwa kulipa 10,000 kwa mwezi. Tungelipa wote, tungekusanya shilingi 19,680,000. Hatukufika hata nusu. Wapo waliolipa mara ya mwisho mwaka 2022, nao wakifiwa ndio wa kwanza kugonga mlango wa ofisi. Mahudhurio nayo yanasikitisha: Machi tulikuja watu 31, Juni watu 22, Septemba watu 19. Akidi yetu ni nusu ya wanachama, yaani 82. Naomba mzishike namba hizi, maana zinahusika na ninalokwenda kulisema.

Jambo lenyewe ni ununuzi wa vipima mionzi viwili na lile gari nililolizuia mwezi Julai. Limesemwa vijiweni mwaka mzima. Nimeambiwa nimevunja katiba, nimekula fedha za misiba, nimejitafutia sifa. Nimenyamaza kwa heshima ya chama, lakini leo nalazimika kujibu.

Ni kweli katiba inairuhusu Kamati kutumia kwa dharura hadi shilingi 2,000,000 bila Mkutano Mkuu, na sisi tulivuka kiwango hicho. Ila agenda hii niliipeleka mkutano wa Machi, akidi haikutimia. Nikairudisha Juni, haikutimia tena. Wanaosema hawakushirikishwa, majina yao hayamo kwenye daftari la mahudhurio la siku zote mbili. Wazo lilikuwa langu na silifichi. Kamati ilipiga kura, watano wakakubali na wawili wakakataa, nami nikatia saini.

Wazo hilo lilitokana na semina moja ya usalama niliyoalikwa. Tulionyeshwa picha za yadi ya skrepa katika mji wa Goiânia, Brazil, mwaka 1987. Ndugu zangu, ile yadi ilikuwa kama yadi zetu. Vijana wawili walikuwa wameng'oa mtambo wa kutibia saratani katika kliniki iliyohamwa, wakamuuzia mwenye yadi kwa ajili ya madini ya risasi. Ndani mlikuwa na kidonge cha chuma chenye unga wa sesiamu-137, metali yenye mionzi mikali, usiofika gramu 100. Kidonge kilitobolewa. Usiku unga ule ulitoa mwanga wa buluu, watu wakaushangaa, wakagawiana kama kitu cha thamani. Mke wa mwenye yadi ndiye aliyeona kwamba kila anayekishika kitu kile anaugua, akahakikisha mabaki yake yanapelekwa kwa maofisa wa afya. Yalibebwa ndani ya mfuko, kwa basi. Mama huyo alifariki. Walifariki pia vijana wawili wa yadi na mtoto wa kike wa miaka 6 aliyeuchezea unga akala bila kunawa. Watu 249 walikutwa wamechafuliwa, na zaidi ya 112,000 walipimwa.

Lililoninyima usingizi zaidi ni taka. Nyumba zilibomolewa, udongo ukachotwa; nguo, vitanda, hata karatasi, vyote vikawa taka za mionzi. Zilifika mita za ujazo kama 3,500. Kwa tipa inayobeba mita 7, hizo ni safari 500, kutokana na unga wa kujaa kiganja! Na taka za namna hii huwezi kuzimaliza kwa moto, maana moto hauiui mionzi; unaihamishia tu kwenye moshi na majivu. Huwezi kuzitupa dampo. Sesiamu hupungua nguvu kwa nusu kila miaka 30, kwa hiyo mtoto aliyezaliwa leo ataikuta nusu yake ingali hai akiwa na watoto wake. Njia ya kupunguza taka hizi ni kukikamata kitu kingali kizima, kabla hakijakatwa na kuchanganyika na chuma safi.

Wapo waliosema, "Tupakie tu, kiwandani watajua wenyewe." Mwaka 1998 karibu na Algeciras, Hispania, kitu chenye sesiamu kiliingia tanuru la chuma bila kugunduliwa. Sesiamu ikatoka na vumbi la tanuru, na vipimo vya nchi nyingine za Ulaya vikaidaka hewani. Kobalti-60, metali nyingine yenye mionzi, yenyewe hubaki ndani ya chuma. Mjini Juárez, Mexico, mtambo wa hospitali wenye punje kama 6,000 za kobalti-60 uliuzwa skrepa mwishoni mwa 1983, ukayeyushwa kuwa nondo. Iligundulika Januari 1984 kwa bahati, pale lori la nondo zile lilipopita kwenye kipimo cha maabara ya Los Alamos, Marekani, likapiga king'ora. Nyumba zilikuwa zimeshajengwa kwa nondo hizo, na zikabomolewa. Haya yote yalianzia mikononi mwa watu wa kazi kama yetu.

Sasa lile gari. Alhamisi ile ya Julai liliingia Canter lenye tani 4 kutoka kiwanda kilichofungwa. Kipimo chetu, ambacho pale getini huonyesha maikrosivati (kizio cha kupimia mionzi) 0.1 hivi kwa saa, kilipanda hadi 2.9. Ubavuni nyuma kilisoma 14. Niliwaondoa vijana wote na kufunga kamba umbali wa hatua 30. Kwa mbali tulikiona: kitu cha mviringo, ukubwa wa sufuria ya kilo mbili, kimepakwa rangi juu ya rangi, na mkono wake wa kufungia umekazwa kwa waya. Mkataji wetu mmoja alikuwa na gesi imewaka, ameshakipigia hesabu ya risasi iliyomo. Mnamjua, na yumo humu ukumbini. Yeye mwenyewe ameniambia angekipasua kabla ya chai ya saa 4.

Wataalamu wa mionzi walikuja. Waliifuta ile rangi kwa vikaratasi laini, wakavipima, wakaona hakuna kilichovuja. Chini ya rangi ilionekana alama ya mapanga matatu kama feni. Kitu kile kilikuwa kifaa cha kiwandani cha kupimia ujazo wa matangi, chenye sesiamu-137 ndani ya kinga ya risasi. Kiliwekwa kwenye pipa, kikaenda kuhifadhiwa. Chuma kingine chote kilipimwa kipande kwa kipande, kikawa safi, kikauzwa. Taka tuliyoizalisha ni pipa moja na mfuko mdogo wa glavu.

Nakiri gari lilikaa siku 4 na bei ikashuka, mwenye mali akapata hasara. Ndiyo maana ya zile 900,000. Wapo waliosema tumemlipa mtu kwa kuleta balaa. Mimi nasema tusingemlipa, mwingine wa kesho angekificha kitu kama kile usiku na kukiuza kwa mlango wa nyuma. Zaidi ya hapo, Sheria ya Nguvu za Atomiki ya mwaka 2003 hairuhusu mtu kumiliki wala kuuza chanzo cha mionzi bila leseni ya Tume ya Nguvu za Atomiki, na hifadhi ya taifa ya taka hizi iko Arusha. Si suala la hiari ya mwenyekiti.

Kuna siku nyingine kipimo kililia bure, na wengi mnalitumia hilo kunipinga. Alikuwa mwanachama wetu aliyetoka hospitali siku hiyo kupigwa picha ya tezi ya shingo. Kwa picha ile mgonjwa hupewa dawa yenye mionzi kidogo, nayo hupungua nguvu kwa nusu kila saa 6; baada ya siku chache kipimo hakikumlilia tena. Hiyo inaonyesha kipimo kinafanya kazi.

Mwaka ujao tunatarajia, Mungu akijalia, kupata kipimo kikubwa cha getini kwa msaada wa wadau, na mafunzo kwa wakataji wote. Mazungumzo yanaendelea.

Naomba Mkutano uidhinishe matumizi ya 3,360,000 kwa kura ya wazi, na majina ya wapiga kura yaandikwe. Waliopo leo ni 88, kwa hiyo akidi ipo. Wasiolipa ada hawapigi kura. Katibu atasoma orodha.

Naomba kuwasilisha.