Tusiwakimbie Wagosi wa Kaya

Mhariri,

Mara nyingi naulizwa kwa nini bado naishabikia Coastal Union, Wagosi wa Kaya, timu ya soka iliyotwaa ubingwa wa nchi mwaka 1988. Ni timu ya kwetu, basi. Mwaka 2016 timu zote tatu za Tanga zilishuka daraja kwa mpigo, lakini wapo tulioendelea kwenda uwanja wetu wa Mkwakwani hadi Wagosi wakapanda tena 2018. Fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam 2022, pale Arusha, tulitoka 3-3 na Yanga tukafa kwa matuta, yaani penalti. Watu wazima walilia, jezi wamejifunika usoni.

Vijana wa Tanga, Simba au Yanga wakija Mkwakwani, kateni tiketi mkae jukwaa letu. Na kipa wetu akifungwa, msimzomee.

Shabiki wa Coastal,
Ngamiani, Tanga