Mdogo wangu, wageni waanzie Riley

Mdogo wangu,

Tangu siku ile Eyam, kile kijiji cha Uingereza kilichopigwa na tauni, hatujaongea vizuri. Najua kilichokuudhi: nilikukatiza mbele ya wageni. Kuwapeleka watu wetu hadi milima ya Derbyshire ni jambo jema, na ukisimulia watu hutulia. Lakini unamsimulia kasisi wa kijiji, William Mompesson, kana kwamba tauni ilikuwa vita yake peke yake.

Anza na kitambaa. Kilitoka London mwaka 1665, kikamfikia mshonaji kikiwa kibichi. George Viccars akakianika karibu na moto, viroboto wenye tauni wakatoka. Septemba haikuisha, akawa amezikwa. Kipindi cha baridi vifo vikapungua, watu wakadhani yamekwisha. Juni 1666 ugonjwa ukarudi kwa nguvu, ndipo karantini ikawekwa. Hilo usiliruke: miezi tisa ilishapita. Vijiji jirani vilipona. Waliokuwa ndani walifungiwa na ugonjwa, na kufikia Novemba walikufa watu wapatao 260.

Tena Mompesson alifika 1664 tu, hawajamzoea. Waliyemsikiliza ni Thomas Stanley, kasisi wa zamani aliyekataa Kitabu cha Sala cha Kanisa la Uingereza kilicholazimishwa 1662. Wawili hao, wasiopatana kidini, wakakubaliana: kanisa lifungwe, watu wasali bondeni Cucklet Delf, kila familia mbali na nyingine; kila nyumba izike wafu wake yenyewe; mtu asivuke mpaka. Lile jiwe la njia ya Stoney Middleton lina matundu sita. Humo walitia sarafu ndani ya siki, wakitumaini itaua ugonjwa, wa nje wakaacha chakula na kuchukua pesa. Waache wageni watie vidole.

Sharti la mazishi ndilo linalonikaba. Pale Riley, shambani nje ya kijiji, Agosti 1666, Elizabeth Hancock alizika mume na watoto sita ndani ya siku nane. Mwenyewe. Husimuliwa kwamba alifunga kitambaa miguuni mwa maiti akaiburuta hadi shimoni, kisha akarudi nyumbani kwa waliobaki, nao wakiugua. Majirani hawakuja. Mwezi huohuo, tarehe 25, akafa Catherine, mke wa kasisi. Yeye kaburi lake liko uani mwa kanisa, karibu na msalaba wa kale. Watoto wake walishatolewa kijijini kabla mpaka haujafungwa.

Catherine simlaumu, alikataa kuondoka. Ila wewe ulisimama kwenye kaburi lake nusu saa nzima, halafu ukasema muda umekwisha, Riley tutaiona siku nyingine! Ningenyamazaje? Wale wageni walikuwa wanaondoka wakidhani wamemaliza kuiona Eyam. Sikutaka kukuaibisha, mdogo wangu. Nilitaka Elizabeth naye atajwe.

Jumapili ya mwisho ya Agosti ndiyo ibada ya kumbukumbu. Wapeleke Riley asubuhi, kwa miguu, wasome mawe saba ya makaburi moja moja, ndipo mshuke kanisani. Nijulishe saa, nije nitembee nanyi.

Kaka yako