Hao watu 20 mmewahesabu na ndovu?

Mhariri,

Juzi kwa baraza moja hapa upande wa Mwatate mkubwa fulani alisimama na karatasi yake akatusomea ati sisi Taita Taveta tuna bahati, ardhi ni zaidi ya kilomita mraba 17,000 na watu ni wachache, sensa ya 2019 ilipata 340,671, ukigawanya ni kama watu 20 kwa kila kilomita mraba. Wazee wakaangaliana tu. Mmoja akauliza, "hao 20 mmewahesabu na ndovu?" Watu wakacheka, mkubwa akafungua ukurasa mwingine.

Mimi si mtu wa hesabu lakini hii hata mtoto wa darasa la sita anaiona. Karibu asilimia 62 ya kaunti ni mbuga za Tsavo, zilitengwa tangu 1948, huko hulimi wala hulishi ng'ombe. Toa hiyo kwanza ndio ugawanye. Inabaki kama kilomita mraba 6,500, hapo watu washapita 50 kwa kila moja, na bado hujatoa mashamba ya mkonge na maranchi. Ndio maana huko juu Wundanyi shamba la babu limegawiwa watoto, watoto wakagawia wajukuu, mpaka saa hii mtu analima kabeji kwa kipande ambacho ukirusha jembe linaangukia kwa jirani. Na hizo mboga ndizo zinateremka na lori usiku hadi soko la Kongowea, watu wa Mombasa wanakula hawajui zimetoka kwa vipande vya namna gani. 2009 tulikuwa 284,657. Tumeongezeka zaidi ya elfu hamsini kwa miaka kumi, milima haijaongezeka hata futi moja.

Huku chini nafasi iko kidogo, ila mvua hakuna na usiku si wetu. Mwaka juzi ndovu walinilia ekari mbili za mahindi usiku mmoja, mahindi yalikuwa yamebakisha wiki mbili tu kukauka, nikapiga debe kuwafukuza mpaka mkono ukafa ganzi. Fomu ya fidia nilijaza, nimeambiwa ningoje, nangoja. Pesa za geti la mbuga nazo zinaenda Nairobi, sisi tunabaki na nyayo.

Ombi langu ni dogo. Mkiandika tena habari za kaunti zetu wekeni hesabu mbili, moja ya eneo lote na ingine ya pale watu wanaishi, maana mtu wa mbali akisoma 20 anadhani tumelalia ardhi bure, na tajiri akija kutafuta maelfu ya ekari anaambiwa pale kuko wazi. Si wazi. Na yule mkubwa akirudi, alale kwangu usiku mmoja kabla ya kusoma, debe la kupiga nitampa.

Mkulima,
Mwatate