Nimecheka, ndiyo maana nakuandikia

Bukoba, Novemba

Swahiba wangu,

Salamu nyingi. Sisi wazima, mvua zinanyesha, senene wameanza kutua ila kwa ubahili, na bei ya kahawa usiniulize. Najua nimekaa kimya tangu ule msiba kwa kina Koku, na najua umenuna. Endelea kununa, ila soma kwanza.

Ile flashi uliyompa kondakta, yenye filamu ya Idi Amin, imefika. Ulisema niangalie peke yangu, mimi nikajifanya mjanja, nikaichomeka Jumapili baada ya chakula. Sebule ikajaa. Kijana wa dada yuko likizo, Mama Happy alikuwepo, yule mwalimu mstaafu wa jirani alikuja kuchaji simu akakaa, na kumbe baba mkubwa naye alikuwa nje kwenye benchi anasikia kinanda. Akaingia na fimbo yake. Nani angemwambia atoke?

Maana filamu inaanza kama sherehe, si unajua. Mwaka 1974, Barbet Schroeder, mwongozaji wa filamu hii ya Kifaransa, na kamera yake wako Uganda, na Amin anawatembeza kama mwenye shamba: mara kwenye boti mtoni anawaonyesha mamba na tembo, mara anapuliza akodiani, mara anajifanya anaiteka Golan, ile milima inayoshikiliwa na Israeli, na wanajeshi wachache kilimani. Kwenye mashindano ya kuogelea anashinda nani? Hakuna anayemkatiza. Anaongea, anacheka, na ana kicheko kile cha mtu mnene mwenye furaha, kinaambukiza kama miayo. Nikacheka. Swahiba, nilicheka kwa sauti, mimi niliyevuka Mto Kagera mgongoni kwa mama mwaka 1978, tukiwakimbia askari wake.

Sasa sikia kilichotokea. Amin anaongea Kiingereza, na baba mkubwa Kiingereza chake ni cha amri za gwaride. Kwa hiyo kijana wa dada akawa mkalimani. Anacheka kwanza, ndipo anatafsiri. Na ukitafsiri mzaha wa mtu yule taratibu, kwa Kiswahili, ukautoa ile sauti na yale macho, hakibaki kitu. Linabaki neno limekaa uchi. Sisi tunacheka, mzee anapokea dakika nzima baadaye, anatikisa kichwa kama anayesomewa hati ya mashtaka.

Mama Happy akasema zima. Mwalimu akasema usizime, lakini mjue hawa Wazungu wamemtafuta Mwafrika mmoja chizi wakamwekea kamera, ili wenzao wakacheke Paris. Kijana naye akaruka: hapana, mwamba yule, aliwafukuza Wahindi 1972 kwa siku 90, nani leo ana ubavu huo? Nikamwuliza maduka walipewa akina nani. Hajui. Nikamwambia wanajeshi na washikaji wao, na rafu zikabaki tupu. Akasema, "Ila mjomba, na wewe ulikuwa unacheka." Hapo nilinyamaza. Kijana huyohuyo anaijua kwa kichwa hotuba ya Mwalimu Nyerere ya kumtangazia Amin vita, sababu tunayo, nia tunayo, uwezo tunao, anaitoa kama kibwagizo cha bongo fleva. Sijui hizi mbili anaziweka wapi kichwani mwake.

Tukafika kwenye kikao cha mawaziri. Unakikumbuka? Amin anawahubiria, wao wameinama wanaandika. Kamera inamwendea waziri wa mambo ya nje, na msimulizi anatwambia kwamba baadaye mwili wake ulikutwa Mto Nile. Sebule ikatulia. Baba mkubwa akasema, "Rudisha." Nikarudisha. "Tena." Nikarudisha tena. Nilidhani anamtazama yule marehemu. Kumbe hapana. Akanyoosha fimbo kwenye kioo, karibu akipasue, akauliza: "Hawa wengine wanaandika nini?"

Kijana akasema labda wanaandika anachosema. Mzee: "Kasema nini cha kuandika?" Basi kijana akasikiliza upya, akatafsiri upya, na kweli hapakuwa na kitu. Maneno ya mlevi asiyelewa. Na kalamu zinakwenda.

Baba mkubwa huyu alikwenda na jeshi letu kumng'oa Amin, alipita Masaka, akapita Lukaya, akaingia Kampala Aprili 1979, na kwa miaka yote hii nimemsikia akisimulia saba saba, zile roketi, zinavyolia na njaa ilivyokuwa, hata siku moja hajamtaja Amin kwa matusi. Na Jumapili hakumtukana. Alikaa mpaka mwisho, akaomba uji, akaenda kulala. Mama Happy amenikasirikia mimi, eti nimemtonesha mzee. Mwalimu amekasirika na Ufaransa nzima. Mimi sijui nimekasirika na nani. Kicheko changu kinanirudia usiku, nasikia nilivyokitoa.

Hata hivyo sikubaliani na mwalimu. Kama ingekuwa filamu ya kumdhalilisha tu, Amin asingeiogopa. Si wewe ulinisimulia, alituma watu wake London wakaiangalie na kunakili kila neno, halafu akawakusanya Wafaransa waliokuwa Uganda hotelini, akawapa namba ya simu ya Schroeder wampigie wenyewe? Dakika mbili na nusu hivi zikakatwa. Mtu aliyeridhika na picha yake hasumbuki hivyo. Lakini tena, mpaka nilipoelezwa habari ya Nile, nilikuwa upande wake. Dakika nzima nzima, Swahiba. Hilo ndilo linanisumbua, si filamu.

Mzee jana asubuhi kanikuta naandika madeni ya kahawa, kasimama nyuma yangu. "Na wewe unaandika nini?" Sikujua kama anatania.

Haya, nina maswali, ujibu yote usichague kama kawaida yako. Hiyo nakala yako ina zile dakika zilizokatwa au haina? Wakwe zako wa Arua, upande wa kwao Amin, wameiona? Najua hayo maeneo yaliadhibiwa vikali baada ya Amin kuanguka, watu wakakimbilia Zaire na Sudan, na wengi hawakuwa na kosa; je, mjomba wa shemeji anaweza kukaa akaiangalia, au nisikuingize kwenye ugomvi wa nyumbani kwako? Wewe mwenyewe ulicheka? Usinidanganye. Na kwa nini uliniambia niangalie peke yangu, ulikuwa unajua?

Senene nakutumia ndoo moja Ijumaa. Najua huko mnao, mnawaita nsenene na kuwauza barabarani, ila hawa wamekaangwa na Mama Happy. Uende ukawasubiri mwenyewe mpakani Mutukula, maana yule kondakta wa safari iliyopita alifikisha nusu ndoo na meno yake yalikuwa na miguu ya senene.

Ni mimi,
yule yule wa dawati la nyuma