Msitupe makoti ya vitara

Mhariri,

Mimi ni fundi cherehani, Nairobi. Binti yangu hucheza vitara, mchezo wa kuchomana kwa panga nyembamba, aina iitwayo foili. Huvaa koti la nyuzi za chuma linalopitisha umeme: akichomwa pahali halali, taa huwaka rangi; pasipo halali, huwaka nyeupe. Juzi alichomwa ubavuni, pahali halali kabisa, lakini taa ikawaka nyeupe badala ya rangi. Akaambiwa koti limekufa, anunue jipya. Kwa pesa gani?

Niliazima mita ya kupimia umeme kwa jirani anayetengeneza redio. Sheria ya mchezo inataka upinzani wa koti, yaani linavyozuia umeme kupita, usizidi omu 5 (omu ni kipimo chake). Kwapani namba ilipaa. Jasho lilikuwa limekula nyuzi za chuma, kitambaa kimegeuka kijani. Nikakata kiraka kwenye koti kuukuu, nikakishona zigizaga kote pembeni kigusane na sehemu nzima. Omu 2!

Makocha, hayo mabovu nileteeni. Na watoto wasiyakunje mabichi mkobani, jamani.

Mama Fundi,
Nairobi