Kabla hujaenda Belfast

Mwanangu,

Baada ya salamu, nimesoma ulichoandika kwamba kule "waligombana kwa sababu ya Papa", nikaona nikuwekee sawa kabla hujapanda ndege. Hakuna aliyeshika bunduki Ireland ya Kaskazini ili kubishania ekaristi. Dini ilimtambulisha mtu ni wa upande gani: Mprotestanti kwa kawaida alitaka kubaki chini ya Uingereza, Mkatoliki alitaka Ireland moja. Ugomvi uliolipuka miaka ya 1960 ulikuwa wa kura, nyumba na kazi.

Chukua mji wa Derry, ambao Waprotestanti wengi huuita Londonderry. Wakatoliki ndio waliokuwa wengi, lakini baraza la mji halikuwatoka Waprotestanti mikononi. Mji uligawanywa kata tatu. Wakatoliki wakarundikwa kata ya Kusini, ikapewa madiwani 8. Kata ya Kaskazini ikapewa 8 na Waterside 4, zote mbili zikiwa na wingi wa Waprotestanti. Basi kila uchaguzi ni 12 kwa 8. Tena kura ya baraza ilikuwa ya mwenye nyumba au mpangaji, pamoja na mwenzi wake. Kijana anayekaa kwa wazazi hana kura. Kumpa mtu na mkewe nyumba ya baraza, yaani ya kupangishwa na baraza la mji, kulikuwa kuwapa kura mbili, ndiyo maana Mkatoliki akipata, atapata hukohuko Kusini, asije akavuruga hesabu za kata nyingine.

Juni 1968, kijijini Caledon, nyumba ya baraza ilipewa msichana Mprotestanti asiyeolewa huku familia za Kikatoliki zenye watoto zikisubiri. Mbunge Austin Currie akaingia humo akagoma kutoka hadi polisi walipomtoa. Oktoba maandamano ya Derry yakavunjwa kwa virungu, na Agosti 1969 jeshi la Uingereza likaingia mitaani. Tarehe 30 Januari 1972 askari waliwapiga risasi raia waliokuwa kwenye maandamano, 13 wakafa siku ileile, na vijana wakamiminika IRA, kundi la silaha lililopigania Ireland moja. UVF na UDA, makundi ya silaha ya upande wa Waprotestanti, nao waliwaua Wakatoliki wasio na kosa. Jumla walikufa watu takriban 3,500.

Mkataba wa 10 Aprili 1998 ulisimamisha vita kwa kulazimisha pande mbili zitawale pamoja. Kila mbunge wa bunge la huko hujiandikisha kuwa wa Uingereza, wa Ireland au "mwingine". Jambo zito hupita likipata wingi wa wabunge wote wanaopiga kura na wa kila upande, au asilimia 60 ya kura zote na walau 40 ya kila upande. Waziri wa Kwanza na Naibu wake wana mamlaka sawasawa, na mmoja akijiuzulu mwenzake naye hana kiti. Hapo ndipo mtambo unapokwama: serikali haikufanya kazi 2017 hadi 2020, kisha 2022 hadi 2024. Nami naona huyo "mwingine" ndiye anayepunjwa, maana kwenye hesabu ya pande mbili kura yake haimo.

Kuta zinazotenganisha mitaa ya Belfast bado zipo, na watoto wengi husoma shule za upande wao. Watu watakisia upande wa mwenzao kwa jina na shule aliyosoma, wewe usiulize. Usiku wa 11 Julai Waprotestanti huwasha mioto mikubwa, kesho yake huandamana na ngoma. Tafuta chumba mbali na mioto hiyo, na uulize mapema barabara zipi zitafungwa.

Mama yako